Vyama vya Wakulima wa Uganda na Safari ya Mbegu

Tarehe 25 Aprili mwaka 1949 umati mkubwa wa watu ulikusanyika Mengo, kwenye kasri ya Kabaka wa Buganda, pembeni mwa mji wa Kampala. Wengi wao walikuwa wakulima wa pamba na kahawa. Walikuwa wametoka vijijini na madai machache yaliyo wazi: waongezewe wawakilishi wa kuchaguliwa katika Lukiiko, yaani baraza la Buganda, wapewe haki ya kuwachagua machifu wao, wauze mazao yao bila ya kulazimishwa mnunuzi, na waruhusiwe kuichambua pamba yao wenyewe.

Serikali ya kikoloni haikuona katika umati ule wakulima wenye shida. Iliona waasi. Ghasia zikazuka, nyumba za machifu zikachomwa moto, polisi wakafyatua risasi, na askari wa King's African Rifles wakaitwa kuitia nguvu serikali. Watu waliuawa, wengine wengi wakakamatwa, na Chama cha Wakulima Waafrika wa Uganda, kilichoongozwa na Ignatius Musazi, kikapigwa marufuku pamoja na Chama cha Bataka. Tume ya uchunguzi chini ya Sir Donald Kingdon iliundwa, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1950.

Historia ya siasa ya Uganda inalikumbuka tukio hilo kuwa ni moja ya hatua za mwanzo za kupigania uhuru. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini katika yale madai manne limo moja ambalo husahauliwa upesi, nalo ni lile la kuchambua pamba. Mtu asiyeijua kazi ya pamba anaweza kulidhania kuwa dai dogo la biashara. Kwa hakika lilikuwa dai kubwa kuliko yote, kwa sababu liligusa mbegu.

Pamba inapotoka shambani huwa na nyuzi na mbegu pamoja. Ikifika kwenye kiwanda cha kuchambulia, ndipo vitu hivyo viwili hutengana. Nyuzi hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo. Mbegu hubaki, sehemu yake ikakamuliwa mafuta, na sehemu nyingine ikarudishwa kwa wakulima ili wapande msimu unaofuata. Kwa hiyo mwenye kiwanda ameshika mambo mawili: ameshika bei ya mwaka huu na mbegu ya mwaka ujao. Mkulima aliyesimama Mengo akidai kuchambua pamba yake alikuwa anadai vyote viwili.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1903, wakati Kenneth Borup, aliyekuwa na uhusiano na wamisionari wa Kianglikana, alipoleta mbegu za pamba na kuzigawa kwa machifu wa Buganda. Mwaka uliofuata Uganda ilisafirisha marobota 54. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa na njaa ya pamba, na reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria na ilihitaji mizigo. Katika miaka michache tu pamba ikawa nguzo ya uchumi wa nchi nzima.

Kilimo hicho kilianza kwa amri. Mwaka 1908, katika utawala wa Gavana Hesketh Bell, ilipitishwa Sheria ya Pamba. Wakulima walikuwa wakipanda mbegu za namna nyingi zilizochanganyika, na nyuzi zilizofika Uingereza zilikuwa hazilingani. Serikali ikaamuru mbegu iwe ya aina moja na itolewe na serikali; mimea ya zamani ing'olewe na kuchomwa baada ya mavuno; na mashine ndogo za kuchambulia kwa mkono, ambazo zilikuwa zimeanza kuenea vijijini, ziondolewe. Waliosimamia amri hiyo ni machifu na askari wao.

Ni lazima ikubaliwe kwamba amri hiyo ilikuwa na sababu ya kitaalamu. Mbegu safi iliipa pamba ya Uganda sifa njema katika soko, na kuchoma mabua makavu hupunguza wadudu na magonjwa. Lakini kwa pigo lilelile mkulima alinyang'anywa chombo chake cha kuchambulia, na kazi hiyo ikabaki katika mikono ya makampuni ya kigeni. Tangu siku hiyo elimu ya kilimo ilimfikia mkulima wa Uganda ikiwa imevaa sare. Ilimwambia afanye nini, wala haikumwuliza ameona nini shambani mwake.

Hata hivyo wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1913 wakulima wachache wa Singo, katika upande wa Mubende, waliungana ili wauze mazao yao pamoja. Umoja huo uliojulikana kwa jina la Kinakulya unahesabiwa kuwa ndio mwanzo wa ushirika nchini Uganda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vikundi vingine vilifuata katika Buganda. Serikali iliviangalia kwa jicho la mashaka. Kwa zaidi ya miaka 30 havikuwa na sheria ya kuvilinda, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipopitishwa mwaka 1946, iliwapa maofisa wa serikali mamlaka makubwa mno. Wakulima wengi walikataa kujiandikisha, wakasema kwamba chama kinachoendeshwa na bwana mkubwa si chama chao.

Wakati huohuo bei ilikuwa chungu. Katika miaka ya vita na baada yake, pamba na kahawa zilipata bei nzuri katika soko la dunia, lakini mkulima alilipwa sehemu yake tu, na iliyobaki ikawekwa katika mifuko ya serikali iliyosemwa kuwa ni akiba ya kumkinga siku bei itakapoanguka. Mkulima hakuulizwa kama anataka akiba hiyo, wala hakuwa na mtu wa kumsemea mahali ilipopangwa. Hicho ndicho chanzo cha chama cha Musazi, na hicho ndicho chanzo cha siku ile ya Mengo.

Askari walioletwa kutuliza ghasia walikuwa Waafrika. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima, na mishahara waliyotuma nyumbani ilinunua majembe na kulipa kodi za wazazi. Walitii amri, kama askari anavyotakiwa kutii. Lakini waliotoa amri hiyo waliichukua shida ya kilimo wakaifanya shida ya usalama, na shida ya kilimo haiponi kwa bunduki. Risasi zilinyamazisha umati kwa siku chache. Bei ya pamba na mbegu ya pamba zilibaki pale zilipokuwa.

Ajabu ya historia ni kwamba katika msimu huohuo, si mbali sana na Mengo, ilikuwa inajengwa moja ya stesheni bora za utafiti wa pamba katika Afrika. Shirika la Uingereza la kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni lilichagua mahali paitwapo Namulonge, kaskazini ya Kampala, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Joseph Hutchinson, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya urithi wa mimea ya pamba. Stesheni hiyo iliungana na vituo vya serikali vilivyotangulia, kama vile Kawanda, Bukalasa na Serere.

Kazi yao kubwa ilikuwa ni kutafuta pamba inayoweza kustahimili ugonjwa wa bakteria unaoshambulia majani, matawi na vitumba. Katika kazi hiyo zilipatikana mbegu mbili zilizojulikana sana. Moja iliitwa BPA, iliyotoka Bukalasa na kufaa sehemu za kusini na magharibi. Nyingine iliitwa SATU, iliyotoka Serere na kufaa sehemu za mashariki na kaskazini. Hizo zilikuwa mbegu nzuri kwa kipimo chochote.

Lakini mbegu nzuri iliyo katika ghala la mtaalamu haijawa chakula wala fedha. Mbegu mpya ya pamba huanza kwa magunia machache. Hupandwa katika eneo dogo lililotengwa, ikavunwa, ikachambuliwa katika kiwanda kisichopokea pamba nyingine, kisha ikapelekwa eneo kubwa zaidi, na hivyo hivyo mwaka hata mwaka mpaka nchi nzima ienee. Mahali pamoja tu pakiharibika, mbegu huchanganyika na kazi ya miaka kumi hupotea. Safari hiyo inataka viwanda vinavyoaminika na wakulima wanaokubaliana.

Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipolazimika kujifunza. Gavana mpya, Andrew Cohen, alifika mwaka 1952. Mwaka huohuo sheria ya ushirika ilibadilishwa ili vyama viwe na uhuru zaidi wa kujiendesha, na mipango ikafanywa ya kuviwezesha kupata viwanda vya kuchambulia pamba. Yaani lile dai lililojibiwa kwa risasi mwaka 1949 lilianza kukubaliwa kwa sheria miaka mitatu baadaye. Musazi mwenyewe, ambaye baada ya chama chake kupigwa marufuku alikuwa ameunda shirikisho jingine la wakulima, aliungana na Abu Mayanja mwaka 1952 kuanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha kitaifa katika nchi hiyo. Mizizi yake ilikuwa katika vikundi vya wakulima.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa miaka ya neema kwa ushirika wa Uganda. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wakulima wa kahawa ya arabika waliandikisha Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954, na wakapigana kwa miaka mingi ili wasimamie wenyewe kahawa yao. Katika sehemu za pamba vyama vilinunua malori, vikajenga maghala na kuendesha viwanda. Mtaalamu wa Serere au Namulonge aliyetaka kujua mbegu yake imefanyaje hakulazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba, maana palikuwa na mkutano wa chama. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, vyama vya ushirika vilivyoandikishwa vilikuwa zaidi ya elfu moja, na katika vijiji vingi jengo imara kuliko yote, ukiacha kanisa, msikiti na shule, lilikuwa ghala la chama.

Haitakuwa kweli kusema kwamba kila kitu kilikuwa safi. Palikuwa na makatibu walioiba, mizani iliyopunjwa, na viongozi walioyafanya magari ya chama kuwa yao. Serikali ya Uganda huru iliyaona maovu hayo, na mwaka 1970 ilipitisha sheria iliyompa waziri mamlaka makubwa juu ya vyama. Nia ilikuwa kurekebisha. Matokeo yake yalikuwa kwamba mlango uleule uliofungwa mwaka 1946 na kufunguliwa mwaka 1952 ulianza kurudishwa tena. Na tarehe 25 Januari 1971 ukaangukia mikononi mwa mtu aliyeupiga kufuli.

Utawala wa Idi Amin unajulikana kwa mauaji yake. Jinsi ulivyoua kilimo hutajwa kwa nadra. Mwaka 1972, Wahindi waliokuwa na sehemu kubwa ya viwanda na biashara walifukuzwa, na mali zao zikagawanywa kwa maofisa na marafiki wa utawala, ambao wengi wao hawakujua kazi hiyo. Vipuri vikakosekana. Viwanda vikasimama. Mkulima alipeleka pamba akapewa hati ya ahadi badala ya fedha, na fedha zilipofika zilikuwa hazinunui kitu. Mwaka huohuo shirika la Kiingereza lilikabidhi stesheni ya Namulonge kwa serikali, nayo ikabaki bila fedha wala wataalamu wa kutosha.

Mkulima alijibu kwa silaha pekee aliyobaki nayo: aliacha pamba. Alipanda ndizi, mahindi na maharage, vitu vinavyoliwa au kuuzwa jirani. Uvunaji wa nyuzi za pamba, uliozidi tani 70,000 kuelekea mwaka 1970, ulianguka chini ya tani 10,000 ilipofika mwaka 1980. Mwenye kahawa aliivusha usiku hadi Kenya, kwa njia za Mlima Elgon na kwa mashua katika Ziwa Viktoria. Hapo ndipo neno magendo lilipokuwa neno la kila siku nchini Uganda. Amin akaunda kikosi cha kupambana na magendo na kumpa Bob Astles akisimamie. Doria zikaongezeka ziwani, na kahawa ikaendelea kuvuka, maana chanzo cha magendo kilikuwa kwenye mizani ya mnunuzi, na hakuna mashua ya doria inayofika huko.

Askari wa Tanzania waliona kwa macho yao mwisho wa habari hiyo. Baada ya Amin kuvamia ardhi ya Tanzania katika Kagera mwaka 1978, Jeshi la Wananchi pamoja na wapiganaji wa Uganda waliusukuma utawala wake hadi Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Katika safari ya kutoka Mutukula kupitia Masaka walipita katika nchi yenye rutuba kuliko nyingi za Afrika. Juu ya rutuba hiyo walikuta watu wanaohangaikia sabuni, chumvi na sukari. Nchi ile haikuwa imepungukiwa mvua wala udongo. Ilikuwa imevunjiwa mpango wake, na baadhi ya wana wa Tanzania waliolipa gharama ya ukombozi huo wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya.

Vita havikuisha hapo. Katika miaka ya kwanza ya 1980 eneo la Luwero likawa uwanja wa mapigano, na Namulonge iliporwa na kuharibika. Malori ya vyama vya ushirika yalichukuliwa na majeshi katika vita vilivyofuatana, na madai ya vyama kulipwa fidia kwa mali hiyo yaliendelea kusikika serikalini na bungeni kwa miaka mingi. Kwa chama cha ushirika lori ni zaidi ya chuma na magurudumu. Ndilo linalopeleka mbegu na kurudisha mavuno.

Kisha, mwaka 1988, kaskazini ya Luwero, ilionekana batobato ya mihogo iliyo kali kuliko iliyozoeleka. Batobato ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na kwa vipando vilivyoambukizwa. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, na mizizi hubaki myembamba kama vidole. Ugonjwa ulienea mwaka hata mwaka, ukaingia Teso, mahali ambapo watu walikuwa wameporwa ng'ombe wao katika misukosuko ya miaka ileile na walikuwa wanautegemea mhogo ili waishi. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 njaa ilikuwa kubwa huko.

Watafiti wa Uganda, chini ya uongozi wa Dakta Otim-Nape, walirudi Namulonge, wakachukua aina za mihogo zilizotoka katika taasisi ya kimataifa ya Ibadan, Nigeria, wakazijaribu. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Hiyo ya tatu wakulima waliijua zaidi kwa jina la Migyera.

Sasa likaja swali lilelile la pamba kwa sura nyingine: vipando vitasafirije? Mhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa pingili za shina, ambazo ni nzito, hukauka upesi, na shamba moja hutoa vipando vya kutosha mashamba machache tu kwa mwaka. Serikali iliyotoka vitani haikuwa na malori wala mabwana shamba wa kutosha. Waliobeba mzigo huo walikuwa vikundi vya wakulima, vikundi vya akina mama, makanisa, shule na mashirika ya kujitolea. Kikundi kilipokea vipando, kikavipanda katika shamba la pamoja, kisha kikavigawa kwa wanachama kwa sharti kwamba kila mmoja naye atawapa wengine. Wakulima waliipika mihogo hiyo na kuionja, wakawaambia wataalamu ipi ina ladha na ipi haifai unga. Mtafiti anaweza kupima virusi katika maabara. Ladha ya ugali hupimwa na mlaji.

Hakuna aliyetoa amri kama ile ya mwaka 1908, na mhogo ulirudi.

Kahawa nayo ilipata mtihani wake. Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko, uliokuwa umeitesa kahawa ya Kongo kwa muda mrefu, ulionekana Bundibugyo, karibu na mpaka. Kuvu inayouleta huziba njia za maji ndani ya mbuni, na mti hukauka wote. Hakuna dawa ya kuuponya. Mti hung'olewa na kuchomwa papo hapo. Ilipofika mwaka 2002 ulikuwa umeua karibu nusu ya mibuni ya robusta ya Uganda.

Pigo hilo liliwakuta wakulima katika wakati mbaya. Biashara ya mazao ilikuwa imeachwa huria, vyama vikuu vingi vilikuwa vimeelemewa na madeni na wafanyabiashara binafsi, na mwaka 1999 Benki ya Ushirika ya Uganda ikafungwa. Watafiti wa Kituza walitafuta mibuni iliyosalia hai katikati ya mashamba yaliyokufa, wakaichunguza kwa miaka mingi hadi wakapata aina saba zinazostahimili ugonjwa, zilizopewa alama za KR1 hadi KR7. Lakini miche yake ilikuwa michache mno kulingana na mahitaji. Vyama vipya vya wakulima, kikiwamo chama cha kitaifa cha wakulima wa kahawa kijulikanacho kwa jina la NUCAFE, kilichoanza mwaka 1995, vililazimika kujenga upya kile ambacho babu zao wa Singo walikianza mwaka 1913.

Mnyauko haukusimama Mutukula kuonyesha pasi. Katika miaka ya mwisho ya 1990 ulikuwa umeingia mkoani Kagera, na batobato kali nayo ikavuka. Askari wa mpakani anapaswa kujua kwamba mzigo wa kuni za mibuni iliyokufa, au tita la vipando vya mihogo lililofungwa nyuma ya baiskeli, vinaweza kuleta hasara kubwa kuliko gunia la bidhaa za magendo. Lakini hawezi kukagua kila tita, na anayejua njia za panya za kijiji chake ni mkulima. Mkulima aliyeelezwa na chama chake hatari ya vipando vile hatavipokea, na hapo askari anakuwa amepata msaidizi katika kila nyumba.

Mwaka 2001 Uganda ilipitisha sheria ya kuanzisha huduma mpya ya ushauri wa kilimo iliyoitwa NAADS. Wazo lake lilikuwa jema: vikundi vya wakulima vichague wenyewe mazao na mafunzo wanayoyataka, na viwe na baraza lao katika kila tarafa. Mwaka 2005 sheria nyingine ilipeleka utafiti katika kanda mbalimbali za nchi. Hata hivyo fedha nyingi ziliishia katika mikono ya wachache, na malalamiko yakawa mengi. Mwaka 2014 serikali ikachukua hatua ambayo askari wa nchi yoyote atapenda kuifahamu: iliwaweka maofisa wa jeshi, chini ya Jenerali Salim Saleh, wasimamie ugawaji wa mbegu na miche nchi nzima.

Haki inataka pande zote mbili zisemwe. Jeshi lina magari, lina utaratibu, na linafika mahali ambapo wengine hawafiki. Mamilioni ya miche ya kahawa yaligawanywa, na katika mwaka wa fedha wa 2020/21 Uganda ilisafirisha zaidi ya magunia milioni 6 ya kahawa, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia kabla. Lakini pia zilisikika habari za miche iliyofika wakati mvua imekwisha, ya mbegu zisizoota, na za wakulima waliopewa wasichokiomba. Makosa hayo hayakutokana na uvivu wa askari. Yalitokana na ukweli kwamba lori linaweza kubeba mche lakini haliwezi kuuliza lini shamba litakuwa tayari. Mahali palipokuwa na kikundi imara cha kusema "tunataka hiki, mleteni mwezi huu", mche ulipata mwenyewe. Mahali pasipokuwa na kikundi, ulikauka kando ya ofisi ya kata.

Tanzania haina haki ya kuinyoshea Uganda kidole. Huku nako wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, wakati walowezi wakitaka Waafrika wazuiwe kuilima, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kupambana na magonjwa na wadudu wa mibuni. KNCU ikafuata mwaka 1933, na kituo cha utafiti cha Lyamungu mwaka 1934. Na huku nako vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kwa nia njema, kisha sheria ikapitishwa mwaka 1982 kuvirudisha baada ya pengo lake kuonekana. Tangu mwaka 2001 taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, imekuwa ikiendeshwa na wadau wa zao hilo wakiwamo wakulima, na katika kituo chake cha Maruku, mkoani Kagera, mapambano dhidi ya mnyauko yamefanyika pamoja na wenye mibuni.

Katika historia hii ya zaidi ya miaka mia moja, wenye silaha wameonekana mara nyingi. Walikuwapo wakati mashine za mkono zilipoondolewa, walikuwapo Mengo, walikuwapo ziwani wakifukuza mashua za kahawa, walikuwapo malori ya ushirika yalipochukuliwa, na walikuwapo miche ilipogawanywa. Mara nyingine walitumwa dhidi ya mkulima, mara nyingine walitumwa kumsaidia. Katika kila hali mbegu ilishika mizizi pale tu wakulima walipokuwa na chama chao cha kuipokea, kuijaribu na kuisemea.

Askari atakayepangiwa kazi ya kulinda soko la mazao, kusindikiza malori ya pembejeo au kutuliza mkutano wa wakulima wenye hasira, ayakumbuke hayo. Kabla ya kuhesabu virungu, kamanda wake na aulize kwanza watu hao wanadai nini. Mwaka 1949 jibu la swali hilo lilikuwa mashine ya kuchambulia pamba. Lingeweza kutolewa asubuhi ileile, na hakuna mtu ambaye angekufa.